Miria Obote: Kutoka Mke wa Rais hadi Mgombea Urais

Tunapofundisha a-unganifu darasani, mifano huja yenyewe: mtoto wa mwalimu, mlango wa nyumba, mke wa rais. Mfano huu wa mwisho hatuusimamii sana. Katika makala haya tunapenda kuusimamia kidogo, kwa kumwangalia mwanamke mmoja wa Uganda ambaye historia ilimwita kwa jina hilo kwa zaidi ya miaka arobaini.

Miria Kalule, Muganda kwa kuzaliwa, aliolewa na Milton Obote mwezi Novemba 1963. Obote alikuwa Waziri Mkuu na Mlango kutoka kaskazini. Wakati huo chama chake cha UPC kilitawala kwa muungano na Kabaka Yekka, chama cha wafuasi wa mfalme wa Buganda, na Kabaka Mutesa mwenyewe alikuwa Rais. Kwa hiyo wengi waliiona ndoa hiyo kama ishara ya umoja wa taifa changa.

Umoja huo haukudumu. Mwezi Mei 1966 jeshi la serikali liliivamia ikulu ya Kabaka huko Mengo, naye Kabaka akakimbilia Uingereza. Katiba ya 1967 ikafuta falme zote. Miria akawa mke wa Rais, lakini pia binti wa Buganda aliyeolewa na mtu aliyeuangusha ufalme wa Buganda. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tunaosoma habari hizi vitabuni hatuna budi kukumbuka methali hiyo.

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alitwaa madaraka Obote akiwa Singapore. Familia ikaishi uhamishoni Dar es Salaam, chini ya hifadhi ya Mwalimu Nyerere, hadi 1980. Obote alirudi Ikulu baada ya uchaguzi wa Desemba 1980, uchaguzi ambao wapinzani waliukataa. Vita vikafuata, na raia wengi waliuawa katika eneo la Luwero. Julai 1985 jeshi lilimpindua kwa mara ya pili, na safari hii uhamisho ukawa Zambia, kwa miaka ishirini.

Obote alifariki Johannesburg tarehe 10 Oktoba 2005. Miria alirudi Uganda na mwili wa mumewe, akamzika Akokoro. Mtu angetarajia kwamba habari yake ingeishia hapo, kaburini. Lakini mwezi Novemba mwaka huohuo UPC ilimchagua kuwa kiongozi wake, na tarehe 23 Februari 2006, akikaribia umri wa miaka 70, akawa mwanamke wa kwanza kugombea urais wa Uganda.

Matokeo yalikuwa machungu. Alipata asilimia 0.82 ya kura, akawa wa mwisho kati ya wagombea watano. Wako wanaosema kwamba jina la mumewe ndilo lililompa uongozi wa chama. Ni kweli. Lakini jina hilohilo lilimbebesha kumbukumbu za 1966 na za Luwero, mambo ambayo hakuwahi kupewa cheo cha kuyaamulia. Mlango uliomwingiza ndio uliombana.

Hata hivyo, njia ilikuwa imefyekwa. Beti Kamya aligombea 2011, na wanawake wengine wakajitokeza 2016 na 2021. Miria aliongoza UPC hadi 2010, alipompisha Olara Otunnu.

Tunajifunza nini sisi watu wa lugha? Kiswahili kinaposema "mke wa rais" hakitaji kazi wala cheo, kinataja uhusiano tu. Neno hilo ni sahihi, lakini halitoshi kumweleza mtu aliyeishi uhamishoni mara mbili, akaongoza chama na kuomba kura kwa jina lake. Tunawaomba walimu wenzetu, watakapotoa mfano huo tena, wawaulize wanafunzi: mtu huyu, ukiondoa hiyo "wa", ni nani? Tunaamini kwamba mjadala utakaozuka utafaa kwa somo la sarufi na kwa somo la historia pia.