Muchele: jina moja, mimea mingi

Hapa Kolwezi ukienda kwa soko unauliza tu "muchele". Wenye kuwa ndani ya mufuko ni muchele, wenye kuiva kwa sahani pia ni muchele. Kule pwani, Zanzibar na Mombasa, wako na majina tatu: mpunga kwa shamba, mchele kwa soko, wali kwa meza. Lakini hata zile tatu haziseme ni mmea gani.

Kwa botaniki, mipunga yenye kulimwa ni aina mbili. Oryza sativa ni ya Asia, Linnaeus aliipatia jina mwaka 1753. Oryza glaberrima ni yetu Waafrika: wakulima wa upande wa muto Niger ndio waliitoa kwa pori. Wataalamu wa Ulaya waliipatia jina lake karibu miaka mia moja kisha ile ya Asia.

Huku kwetu ni ile ya Asia ndiyo iliingia. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Zanzibar na watu wao waliilima Nyangwe na Kasongo, pembeni ya Lualaba, ule muto wenye kupatia provensi yetu jina.

Sasa fujo. Kuna mipunga ya pori pia. Mwaka 1910 mufaransa Auguste Chevalier aliita moja Oryza barthii. Kisha, kwa miaka mingi, vitabu vilitumia jina hilo kwa mmea mwingine, wenye leo unaitwa Oryza longistaminata. Mimi nilipokuwa mwanafunzi nilisoma kitabu cha zamani, nikaandika kwa mtihani kwamba barthii iko na mizizi ya kutambaa chini ya udongo. Pointi zikaenda!

Juu ya nini ni jambo kubwa? Barthii inaishi mwaka moja tu: ukiing'oa mbele itoe mbegu, umeikomesha. Longistaminata inaishi miaka: ukiikata na jembe, kila kipande cha shina la chini kinaota tena. Ukikosea jina, unamushauri mkulima vibaya, na yeye ndiye anapoteza shamba.

Basi, tukishuka kwa mashamba, tuandike jina lenye mkulima anatumia, jina la Kilatini, na mwaka wa kitabu chenye tulilitoa.