Kishikio Kimoja, Magari Matano: Historia ya Mlango Uliokataa Kufa

Wasee, leo tuongee kuhusu kitu ambacho hakuna mtu huposti akitaka kuringa na gari: kishikio cha nje cha mlango. Watu huposti injini, rimu, sauti ya egzosi, hata stika. Kishikio unakishika kila siku na hukioni. Halafu siku moja kinakatikia mkononi. Injini iko sawa, tairi ziko sawa, na mwenye gari amebaki nje kama mgeni asiyejulikana na mlinzi wa geti.

Kama spea inapatikana, hiyo ni kazi ya nusu siku. Kama haipatikani, unaanza kuingilia mlango wa abiria huku ukiruka gia. Baadaye unachoka, unalifunika gari turubai, na hivyo ndivyo gari la spoti la zamani hugeuka kuwa nyumba ya paka. Ndiyo maana mimi nasema hivi: kile kitu ambacho wapenzi wa magari wamekicheka kwa karibu miaka 50, yaani gari la spoti kuvaa kishikio cha gari la mzazi, ndicho kimefanya baadhi ya magari hayo yafunguke mpaka leo.

Wacha tuanze mwanzo.

Uingereza, kampuni yenye majina mengi na pesa kidogo

Mwaka 1968 kampuni kubwa za magari za Uingereza ziliunganishwa na kuzaa British Leyland. Ndani yake ulikuta Austin, Morris, MG, Triumph, Rover, Land Rover na Jaguar. Kwa karatasi ilikuwa jitu. Kwa ukweli ilikuwa familia kubwa inayogombania sufuria moja, na kufikia 1975 serikali ya Uingereza ililazimika kuichukua ili isianguke.

Mwaka 1971 walitoa Morris Marina. Hili halikuwa gari la ndoto. Lilikuwa gari la kupeleka watoto shule na kwenda sokoni. Kishikio chake kilikuwa rahisi: kisahani kilichozama ndani ya mlango, na ulimi mmoja wa chuma. Unaingiza vidole chini ya ulimi, unauinua, mlango unafunguka. Hakuna kinachochomoza nje kukwaruza mtu au kunasa nguo. Mwaka 1973 likaja Austin Allegro, gari lingine la familia, na likapewa kishikio hicho hicho.

Hapo bado hakuna ajabu. Ajabu inaanza 1975, Triumph TR7 ilipotoka. Hili sasa ni gari la spoti: viti viwili, pua imeinama kama kabari, taa zinazojificha. Lilianza kuuzwa Marekani kabla ya kwao Uingereza, kwa sababu soko lililolengwa hasa lilikuwa huko. Mchoraji wake, Harris Mann, ndiye huyo huyo aliyechora Allegro. Na ukiangalia mlango wa TR7, kile kisahani na ulimi wake viko pale pale. Umenunua spoti, lakini unaifungua kama gari la mwalimu mkuu.

Bond na kishikio cha Morris

Bado unaweza kusema hao ni ndugu wa nyumba moja, lazima waazimane nguo. Sawa. Lakini Lotus haikuwa ya British Leyland. Ilikuwa kampuni ndogo iliyojitegemea, kiwanda chake kikiwa Hethel, mkoa wa Norfolk. Mwaka 1972 Mwitaliano Giorgetto Giugiaro aliwachorea gari la maonyesho ambalo liliwaacha watu midomo wazi, na 1976 likaanza kuuzwa kwa jina la Lotus Esprit. Mwaka uliofuata Roger Moore akaliendesha Esprit jeupe kwenye filamu ya James Bond, The Spy Who Loved Me, mpaka ndani ya bahari, na huko chini likageuka nyambizi. Watoto wa dunia nzima wakabandika picha zake ukutani.

Sasa chukua picha hiyo uikuze, uangalie mlango. Ni kishikio cha Morris Marina! Jasusi wa Malkia anatoka baharini na kishikio cha gari la kwenda sokoni. Na si hicho tu: taa za nyuma za Esprit za kwanza zilitoka kwa Fiat X1/9.

Kwa nini Lotus walifanya hivyo? Hesabu. Kutengeneza kishikio kipya unahitaji kwanza molde ya chuma kigumu ambamo aloi ya zinki iliyoyeyushwa inasukumwa kwa presha. Molde hiyo ni ghali, na bei yake haibadiliki sana hata ukitoa vishikio elfu moja au milioni moja. Kisha kuna rangi au kromu, kuna kufuli, kuna majaribio ya kufungua na kufunga maelfu ya mara. Anayeuza magari laki kadhaa anaigawanya gharama hiyo mpaka inakuwa senti. Kampuni ndogo kama Lotus ikijaribu hivyo, kishikio kimoja kinaweza kula bei ya kiti. Kwa hivyo walinunua kilichokuwa kwenye rafu.

Tusiwape sifa za bure. Hakuna aliyekaa Hethel akafikiria fundi wa miaka hii anayehangaika na spea. Ilikuwa ni kubana matumizi. Lakini kubana huko kulizaa zawadi: kishikio kilichotengenezwa kwa wingi, kilichotapakaa kwenye magari ya watu wa kawaida, kinaweza kupatikana miongo kadhaa baada ya gari lenyewe kuacha kutengenezwa.

Linganisha na Mercedes-Benz 300 SL ya 1954, ile ya milango inayofunguka juu kama mabawa. Kishikio chake kimelala sambamba na bodi. Unabonyeza ncha moja na kinachomoza. Kitamu kweli. Lakini yale magari ya mabawa yalikuwa takriban 1,400 tu. Ukivunja kishikio chake, hakuna gari la mzazi la kukuazima.

Historia hii ilipita pia Thika

Usidhani haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Mwaka 1974 serikali ya Kenya iliingia ubia na British Leyland, wakaanzisha Leyland Kenya, na kiwanda kikajengwa Thika. Ndicho kile ambacho leo kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers, na Land Rover zilikuwa kati ya magari yaliyounganishwa pale. Halafu mwaka 1989, karibu miaka 20 baada ya Marina, Land Rover walitoa Discovery ya kwanza. Kishikio? Unajua tayari. Kama uliwahi kupanda Discovery ya miaka ya 90 kwenda ocha, ulishika kishikio cha James Bond bila kujua.

Kinavyovunjika na kinavyobadilishwa

Kitu kimoja ambacho wengi hukosea: wanalaumu kishikio, kumbe mgonjwa ni kitasa cha ndani. Grisi ya zamani inakauka, vumbi linaingia, kitasa kinakuwa kizito. Wewe unazidi kuvuta kwa nguvu. Aloi ya zinki haipindi kama chuma cha pua. Inapasuka polepole, halafu siku moja inakatika. Ukifunga kishikio kipya juu ya kitasa kikavu, umenunua shida ile ile mara ya pili.

Kazi yenyewe kwa magari mengi ya enzi hiyo inaenda hivi. Pandisha kioo cha dirisha mpaka juu ili kisikuzuie. Toa paneli ya ndani ya mlango, taratibu, kwa sababu klipu zake nazo ni za zamani. Nyuma yake kuna karatasi ya plastiki ya kuzuia maji. Ibandue bila kuichana, utairudisha. Ingiza mkono, tafuta kile chuma chembamba kinachounganisha kishikio na kitasa, kitoe kwenye klipu yake. Fungua nati zinazoshika kishikio, kisha kitoe kwa nje. Bandika tepu kuzunguka tundu kwanza, usije ukakwaruza rangi. Kwa Esprit kuwa mpole zaidi, maana bodi yake ni fibaglasi, na fibaglasi ukiibana kwa bisibisi inapasuka.

Kama silinda ya ufunguo imeshikana na kishikio, hamisha ile yako ya zamani, la sivyo utatembea na funguo mbili kama mwenye ploti. Safisha kitasa, kipake grisi mpya, funga kishikio, rekebisha urefu wa kile chuma chembamba. Halafu, kabla ya kufunga mlango, sukuma kitasa kwa bisibisi kikiwa wazi hewani, uinue kishikio, uone kama kinaachia. Ukifunga mlango kwanza na kumbe hukuunganisha vizuri, utautafuta usingizi.

Tunaelekea wapi

Vishikio vya sasa vinarudi kwenye mtindo wa 300 SL, lakini vikiwa na umeme ndani. Tesla Model S ya 2012 ilikuja na vishikio vinavyochomoza kwa mota. Septemba 2025 shirika la usalama barabarani la Marekani, NHTSA, lilifungua uchunguzi kuhusu takriban magari 174,000 ya Tesla Model Y ya mwaka 2021, baada ya wenye magari kuripoti kwamba vishikio vya nje viligoma. Kulikuwa na wazazi waliovunja vioo ili kuwafikia watoto wao. Ulimi wa chuma wa Marina haukujua betri ni nini.

Kwetu hili ni jambo zito. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Kwa hivyo spoti za zamani tunazoziona mitaani, nyingi ndizo hizo hizo, haziongezeki. Kila moja inayofunikwa turubai kwa sababu ya kishikio ni moja iliyopungua. Na haya magari mapya yenye mota milangoni ndiyo mitumba yetu ya kesho. Nani atayatengenezea Grogan?

Kwa hivyo ukienda kununua gari la spoti, usiulize tu linatoa nguvu kiasi gani. Uliza kishikio chake kinafanana na cha gari gani. Toyota 86 na Subaru BRZ ni mapacha, kwa hivyo ukikosa spea upande mmoja unabisha upande wa pili. Andika namba ya spea kabla haijahitajika. Ukipata kishikio kizima kwenye gari lililogongwa, chukua cha kulia na cha kushoto, uweke. Na ukisikia mtu anacheka gari kwa sababu lina vitu vya gari la bei rahisi, muulize lake lina ndugu wangapi.