Kura Moja ya Chake Chake

Januari 1961, jimbo la Chake Chake, kisiwani Pemba, liliamuliwa kwa kura moja. Kwa kura hiyo Afro-Shirazi ilifikisha viti 10 kati ya 22. Hizbu ilikuwa na 9, ZPPP 3. Wajumbe wa ZPPP walipogawanyika, wawili huku na mmoja kule, mizani ikasimama: 11 kwa 11. Uchaguzi ukarudiwa Juni, na katika fujo zake wakafa watu 68.

Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31, kwani kura zake zilirundikana katika majimbo machache. Hizbu na ZPPP wakaunda serikali. Wengi wa kura wakawa wachache wa viti. Uhuru ukaja tarehe 10 Disemba, na Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Sasa wachache nao wakakosa ngao: waliuawa watu wengi, na wengine wakavuka bahari wasirudi.

Vyama vingi viliporejea, uchaguzi wa 1995 ulimpa mshindi asilimia 50.2, na mpinzani wake 49.8. Matokeo yalibishaniwa, serikali yote ikashikwa na upande mmoja. Je, nusu ya nchi yaweza kuitwa wachache?

Jibu lilitolewa tarehe 31 Julai 2010. Katika kura ya maoni, asilimia 66.4 walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa: Makamu wa Kwanza wa Rais atoke katika chama kilichoshika nafasi ya pili, na mawaziri wagawanywe kwa kadiri ya viti. Ndipo wengi walipotumia wingi wao kuufunga mkono wao wenyewe. Hiyo ndiyo hekima ya watu wanaojua kuwa upepo wa kusi hugeuka kaskazi.

Lakini ngao hiyo imefungwa kwenye sanduku la kura. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa, chama kikuu cha upinzani kiliususia ule wa marudio wa Machi 2016, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki kitupu hadi 2020. Sheria ilikuwepo, mwenziwe hayupo.

Hesabu humjulisha mshindi. Haimwambii aishi vipi na jirani aliyeshindwa. Katika visiwa, jirani huyo ndiye utakayepanda naye chombo kesho.