Kinga ya Mwili na Homa ya Mbu katika Bonde la Ruaha

Msafiri atokaye Mikumi kwenda Ifakara hushika njia ya kusini, akapita Kidodi na mji mdogo wa Ruaha katika wilaya ya Kilosa, kisha akavuka mto Ruaha Mkuu na kuingia Kidatu. Hiyo ni nchi ya maji, miwa na mpunga. Tena ni nchi ya mbu. Mashamba makubwa ya miwa yalipoanzishwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, yalivuta vibarua wa kila upande, hata wa nchi za juu zenye baridi. Mwenyeji mtu mzima huumwa na mbu yule yule amwumaye mgeni wa mlimani. Lakini mmoja huendelea na jembe lake, na mwingine hulala akitetemeka.

Watu wa nchi waliyajua hayo kabla ya madaktari. Robert Koch, alipokuwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1897 na 1898, aliwakuta watu wa milima ya Usambara ambao wakishuka bondeni hushikwa na homa, nao waliiita mbu, kwa jina la mdudu mwenyewe. Mwaka 1900, huko New Guinea, Koch alipima damu za watoto na za watu wazima, akaona vijidudu vya malaria ni vingi kwa watoto na haba kwa wazazi wao. Akahukumu kwamba kinga hupatikana kwa kuugua tena na tena. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki, ijapokuwa haikueleza kinga hiyo imekaa wapi mwilini.

Wakati huo wataalamu wa Ulaya walikuwa wakishindana juu ya swali hilo hilo. Metchnikoff alisema mlinzi ni chembe nyeupe za damu zinazommeza adui. Ehrlich alisema ni dawa iliyomo katika maji ya damu. Wote wawili walitunzwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel mwaka 1908, na kwa kweli wote walikuwa wamesema kweli. Chembe zile hupigana na kila mgeni bila kumchagua, tangu mtu azaliwapo. Nyuma yake huja limfosaiti, ambazo humtambua adui mmoja mmoja: nyingine huua chembe za mwili zilizokwisha kutekwa, nyingine hutoa kingamwili, na baadhi yake hubaki miaka mingi zikimkumbuka adui aliyepita.

Mwaka 1961 ilidhihirishwa kwamba kingamwili zilizotolewa katika damu ya watu wazima wa Gambia, wakapewa watoto wagonjwa, zilipunguza vijidudu vya malaria. Kwa nini basi mtoto achukue miaka mingi kuzipata? Kwa sababu kijidudu hiki hubadili vazi. Kina jeni zipatazo 60 za kutengenezea vazi hilo, na kila kingamwili hulijua vazi moja tu. Hata mwanamke aliyekwisha kukomaa katika kinga huweza kushambuliwa upya katika mimba yake ya kwanza, maana kondo la nyuma humpa kijidudu mahali papya pa kujishikiza, kikavaa vazi ambalo damu yake haijapata kuliona.

Huko Ifakara, ambako Rudolf Geigy wa Basel alifungua maabara mwaka 1957, iliulizwa kama chanjo ingeweza kufupisha mafunzo hayo machungu. Katika kijiji cha Idete watoto wa mwaka mmoja hadi mitano walichanjwa SPf66, iliyotungwa na Manuel Patarroyo wa Colombia. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalikuwa kinga ya asilimia 31. Furaha ilikuwa kubwa, lakini haikudumu: majaribio ya Gambia na Thailand hayakuona faida, na watoto wachanga wa Ifakara kwenyewe waliochanjwa baadaye hawakukingika.

Ikabaki neti yenye dawa. Nayo ilizusha hofu ya haki: je, mtoto asiyeumwa na mbu leo hatanyimwa kinga, akafa kesho badala ya leo? Hofu hiyo ilikuwa na mantiki ya Koch ndani yake, na haikuweza kujibiwa kwa hoja, ilihitaji miaka. Katika bonde la Kilombero watoto 6,706 waliozaliwa kati ya mwaka 1998 na 2000 waliandikwa, ikajulikana nani alilala ndani ya neti na nani hakulala. Mwaka 2019 walitafutwa tena, wakiwa watu wazima. Habari iliyotangazwa mwaka 2022 ilionyesha kwamba waliolala ndani ya neti mara nyingi walipungukiwa na hatari ya kufa kwa zaidi ya theluthi moja wakilinganishwa na wenzao, na faida waliyoipata utotoni haikuondolewa na vifo vya baadaye.