Kongosho Ambalo Halikugawanyika

Tarehe 2 Machi 1642, mjini Padova, Johann Georg Wirsung alipasua maiti ya mtu aliyenyongwa, akaona mfereji ndani ya kongosho. Aliuchora juu ya bamba la shaba, kisha akamwandikia Jean Riolan wa Paris kumwuliza: je, tuuite mshipa upelekao damu au ule uirudishao, ilhali hauna damu ndani yake? Kitu kilikwisha kuonekana, jina bado. Agosti 1643 Wirsung aliuawa kwa risasi. Mfereji ukabaki na jina lake. Baadaye Santorini wa Venisi alichora mfereji wa pili, mdogo, wenye mlango wake. Michoro yake ilichapishwa mwaka 1775, miaka 38 baada ya kifo chake.

Mifereji hiyo miwili ina asili yake. Tumboni mwa mama, kongosho huanza kama machipukizi mawili, la mbele na la nyuma, nayo hukutana yapata juma la saba. Kwa watu wengi mifereji huungana, na maji ya kongosho hupitia chuchu kubwa, pamoja na nyongo. Kwa wachache, takriban 5 hadi 10 kati ya 100 katika uchunguzi wa maiti huko Ulaya na Marekani, mifereji haiungani. Sehemu kubwa ya maji hayo hupitia chuchu ndogo. Walatini wa kitabibu wakaiita hali hiyo *pancreas divisum*.

Mfasiri mwenye haraka ataandika “kongosho lililogawanyika”. Hapana budi tukatae. Kitenzi hicho chasimulia kitu kilichokuwa kimoja kikapasuka, na mgonjwa atauliza kwa haki: nani kaligawanya, lini? Hakuna kilichopasuka, mara nyingi hata nyama yenyewe imeungana, isipokuwa mifereji. “Kongosho la mifereji isiyoungana” ni refu, lakini ni kweli.

Hadi karne ya 20 hali hii ilikuwa zaidi ya wapasua maiti. Mwaka 1968 William McCune na wenzake mjini Washington walipitisha chombo cha kutazamia kupitia kinywani hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, wakatia rangi katika chuchu ili mifereji ionekane kwa eksirei. Mwaka 1974, taarifa kutoka Erlangen na Kyoto zilieleza kukatwa kwa chuchu kwa waya wa umeme. Mwaka 1980 Peter Cotton, wa London, alieleza kwamba mifereji isiyoungana huonekana zaidi kwa watu wanaougua kongosho pasipo sababu ijulikanayo. Basi chuchu ndogo nazo zikakatwa, ingawa wengi wenye hali hiyo hawaugui kamwe, na ubishi juu ya faida ya kukata haujaisha.

Hatari haiko sawa katika milango yote miwili. Mgonjwa wa namna hii akitazamwa kwa ajili ya nyongo tu, kupitia chuchu kubwa, kongosho lake kwa kawaida haliguswi sana, kwani mfereji uliopo hapo ni mfupi. Chuchu ndogo ikichokonolewa au kukatwa, mlango mwembamba huvimba, maji huzuiwa, na kongosho huanza kujila lenyewe. Baadaye kovu laweza kuubana mlango tena. Hati ya ridhaa isemayo “chuchu” bila kutaja ipi imeficha jambo ambalo mgonjwa alipaswa kulijua.

Mwaka 1991 wataalamu walikubaliana kipimo cha tatizo hili: maumivu mapya au yaliyozidi, amilesi katika damu mara 3 ya kawaida au zaidi baada ya saa 24, na haja ya kulazwa. Wafasiri huliita “uvimbe wa kongosho”. Kwa sikio la mwananchi uvimbe ni kitu kiotacho, pengine saratani. Afadhali “kuvimba kwa kongosho”: silabi tatu tu zimebadilika, na aliyelazwa ataelewa kwamba maumivu yake yametokana na tiba ya jana, na kwamba hakuna kitu kilichoota tumboni mwake.