Sensa ya Taa

Agosti 2022 Tanzania nzima ilikuwa ikihesabiwa, na neno sensa halikutoka midomoni. Kwa mafundi umeme wa Kibara neno hilo lina kazi ya pili: ni kile kijicho cheupe kilicho chini ya taa ya uani, kinachoiwasha mtu akipita. "Nikufungie ya sensa, mama?" Mama anajua haulizwi idadi ya wanakaya.

Ni maneno mawili ya Kiingereza yasiyo na undugu, moja la kuhesabu, jingine la kuhisi; yalipofika kwetu yakawa mapacha. Kwa hili la pili wanaistilahi wametupa kihisi, lililoundwa kwa ki- ya vifaa, kama kikokotozi. Sina ugomvi na sensa ya mafundi. Neno lililokwisha kupanda ngazi na kukaza skrubu halifukuzwi na kamusi. Lakini kihisi linanifundisha kufunga taa.

Maana kifaa chenyewe, kihisi mwendo, hakioni: kinahisi joto linalosogea. Mwili wenye nyuzi 37 hivi ukipita mbele ya ukuta uliopoa, joto lake huhama kutoka kisehemu kimoja cha lenzi hadi kingine, taa ikawaka. Kwa hiyo mbuzi aliyekata kamba huiwasha sawa na mwizi. Na anayekijia kihisi uso kwa uso huchelewa kuhisiwa, ilhali anayekatiza mbele yake hunaswa mara moja. Basi usikitazamishe langoni. Kifunge ubavuni mwa njia, kimo cha mita 2 hadi 3, mbali na jiko la mkaa.

Kuna na kihisi mwanga, ambacho nacho huitwa sensa, na hapo ndipo pesa hupotea. Hiki huwasha taa giza likiingia. Kikimulikwa na taa yake kinadhani kumekucha, kinazima. Giza likirudi kinawasha, hivyo hivyo hadi alfajiri. Mwambie fundi sensa ni mbovu, atakuuzia nyingine. Mwambie kihisi kinahisi mwanga wa taa yake, atakigeuza tu.

Tena hapa Kibara tuko kando ya Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria. Wavuvi wa dagaa huchagua usiku usio na mbalamwezi, wakawasha taa juu ya maji, dagaa wakazifuata. Uani, taa nyeupe ya kukesha huvuna wadudu vivyo hivyo. Ya manjano huwaita wachache. Yenye kihisi mwendo, kwa kuwa muda mwingi imezimwa, wachache zaidi, na ufagio wa asubuhi hauna kazi kubwa.