Majimbo, kaunti na bunduki: gavana aweza kukataa?

Uzi. Msimu wa siasa ukikaribia, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, swali hili halikosi mkutanoni: "Mbona gavana wetu asikatae tu? Kule Marekani majimbo yanakataa kusaidia sheria za bunduki za serikali kuu, na hakuna linalowapata!" Makofi yanapigwa, vuvuzela zinalia, tunaenda nyumbani. Sitaji mwanasiasa wala chama. Nataka tuelewane kuhusu historia yenyewe.

Hiyo Marekani yasemwa nusu. Mwaka 1993 bunge lao lilipitisha sheria ya Brady: anayenunua bastola achunguzwe kwanza, na kwa muda kazi hiyo wakatwikwa wakuu wa polisi wa mitaani. Masherifu wawili, mmoja wa Montana na mwengine wa Arizona, wakaenda kortini. Tarehe 27 Juni 1997 Mahakama ya Juu, majaji 5 kwa 4, ikaamua kwamba serikali kuu haiwezi kumwamrisha afisa wa jimbo aitekelezee sheria yake. Haikusema jimbo laweza kuizuia sheria. Ilisema mwenye sheria atumie mikono yake mwenyewe.

Missouri ikavuka hapo mwaka 2021. Ikatangaza kwamba sheria kadhaa za taifa ni batili ndani ya mipaka yake, na idara ya polisi itakayosaidia kuzitekeleza ipigwe faini ya dola 50,000. Mahakama ya taifa ikaitupa 2023, na ya rufaa ikakubaliana nayo 2024. Kukaa kando ruhusa, kufuta sheria ya taifa hapana. Na mbinu hii ya kukaa kando ni kongwe kuliko ugomvi wa bunduki: karne ya 19 majimbo ya kaskazini yaliitumia kukataa kusaidia kukamata watumwa waliotoroka. Leo miji mingine yaitumia kwa wahamiaji. Anayekwambia ni mali ya mrengo mmoja amekukatia hadithi.

Sasa kwetu. Tatizo laanzia kwenye neno. Majimbo ya Marekani na majimbo ya Kenya yanaitwa jina moja, na Pwani neno hilo lina kidonda.

Katiba ya uhuru ya 1963 ilitupa majimbo kweli, Pwani likiwa mojawapo, na bunge lake. Hata polisi waligawanywa kimajimbo, kila kikosi na kamishna wake, ingawa juu yao wote alikuwako Inspekta Jenerali. Haikudumu. Kufikia 12 Desemba 1964, Kenya ilipokuwa jamhuri, majimbo yalikuwa yamevunjwa nguvu. Tangu hapo wazee wengi wa mwambao wamelitaja neno hilo kama mtu anavyotaja shamba lililonyang'anywa.

Halafu ikaja 13 Agosti 1997. Hesabu vizuri: siku 47 tu baada ya hukumu ile ya Washington. Usiku ule washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni na kile kidogo cha feri. Askari 6 waliuawa, bunduki zaidi ya 40 zikachukuliwa. Wiki zilizofuata watu zaidi ya 100 waliuawa na maelfu kwa maelfu wakakimbia makwao, wengi wao wa asili ya bara, wengine wakijibanza kanisani hapo hapo Likoni. Vijana walioingizwa katika uvamizi ule waliambiwa kwamba majimbo yakija watapata ardhi na kazi. Kisha ukaja msako, na msako haukuchagua: vijana wengi wa Kidigo wasiohusika walikamatwa na kupigwa. Tume ya Akiwumi ilikamilisha ripoti yake 1999, ikatolewa hadharani 2002. Isomeni. Yeyote anayelichezea neno "majimbo" na neno "bunduki" katika sentensi moja hapa Likoni, ajue anazungumza mbele ya watu waliozika.

Na Katiba ya 2010 je? Jedwali la Nne limeiweka polisi kwa serikali ya kitaifa. Kifungu cha 245 kinasema Inspekta Jenerali haamrishwi na mtu yeyote amchunguze nani au asimchunguze nani. Leseni ya bunduki hutolewa na bodi ya kitaifa, chini ya Sura ya 114. Sherifu wa Montana alikuwa na polisi wa kuwazuia. Gavana wetu ana kanjo, na kanjo ana rungu. Atakataa kutoa nini?

Tena Kifungu cha 189 kinaziagiza serikali za ngazi mbili zisaidiane na, inapofaa, kila moja itekeleze sheria za nyengine. Wamarekani waliachiwa uhuru wa kukaa kando; sisi tuliandikiwa tusaidiane. Na kaunti ikizidisha vurumai, Kifungu cha 192 chamruhusu Rais kuisimamisha, ila baada ya tume huru na idhini ya Seneti.

Kwa maoni yangu, kukataa kunakouma kweli hapa hakutoki kwa gavana. Kwatoka kwa mama wa Kisauni anayejua nani amelaza bunduki kwa jirani, na hasemi. Hasemi kwa sababu miaka hii ameona vijana wakichukuliwa usiku wasionekane tena, na hataki jina la mtoto wa mwenzake liwe juu yake. Nyumba Kumi ikaja 2013, yeye kimya. Hakuna korti itakayomlazimisha kuamini polisi.

Hapo ndipo kaunti ina nafasi, na haitumiki. Sheria ya polisi ya 2011 iliunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, gavana akiwa kwenye uenyekiti, makamanda wa polisi na wananchi meza moja. Miaka ikapita kaunti nyingi hazina kitu, usalama ukaendelea kuzungumzwa kwenye kamati ya kamishna wa kaunti, milango imefungwa.

Kwa hiyo akija mtu jukwaani Mtongwe au Bamburi akuahidi "kukataa", mwulize hivi: hiyo mamlaka itakaa lini, nani wa mtaa huu atakuwa ndani, na tutaletewa kumbukumbu zake?